Jinsi ya kuweka amplifaya ya besi ili isikike ndani ya bendi

Kosa kubwa la mpiga besi hutokea kabla bendi haijapiga hata noti moja. Anafika mapema, anachomeka gita, anapiga peke yake. Anapandisha besi, anashusha sauti ya kati, anaongeza trebo kidogo. Sauti inajaa ukumbi na kila aliye karibu anatingisha kichwa. Kisha zinaingia ngoma, ridhimu, solo, kinanda na waimbaji, na besi inageuka mvumo unaotetemesha viti ilhali hakuna anayeweza kusema ni noti gani inapigwa. Anaongeza sauti. Mvumo unazidi, na fundi wa mitambo anaanza kumtazama vibaya.

Sababu si uchache wa besi. Uzi mnene wa E ukipigwa wazi hutoa 41 Hz, yaani mitetemo 41 kwa sekunde, lakini pamoja nayo hutoa 82, 123, 164 na nyingine zinazopanda juu yake, na sikio huitambua noti hasa kwa hizo za juu. Boksi nyingi za spika za inchi 10 wala haziitoi ile 41 kwa nguvu ya maana. Kinachofanya besi isikike katikati ya vyombo vingine ni sauti ya kati, kuanzia 250 hadi karibu 1,000 Hz. Ya chini kabisa inakula nguvu ya amplifaya, inagombana na ngoma ya mguu, na inaamsha mabati. Karibu kila hatua iliyo hapa chini inarudi kwenye jambo hilo.

Neno moja kuhusu nobu. Nafasi zake hapa zinatajwa kwa saa ya Kiswahili, na saa yetu inaikaa nobu vizuri mno: inaamka saa moja asubuhi ikiwa imefungwa kabisa, saa tatu inaelekea kushoto, saa sita inatazama juu, saa tisa inaelekea kulia, na inafunga kazi saa kumi na moja jioni ikiwa wazi kabisa. Ukijifunza kwa video ya Kizungu kumbuka kwamba saa tisa yao ni saa tatu yetu. Wengi wamezungusha upande usiofaa.

Kabla ya kuwasha

Anza na gita. Kama ni la betri, weka betri mpya ya volti 9 au angalau pima iliyomo. Ikishuka chini ya volti 8 hivi, badilisha. Betri inayokufa haizimi ghafla. Hukwaruza kwanza kwenye noti kali, na watu hulaumu spika. Betri hiyo huliwa muda wote jeki ikiwa imechomekwa, hata kama hupigi, kwa hiyo gita lililoachwa na waya usiku kucha litaamka limechoka.

Nyuzi zilizokufa haziponywi na ikwalaiza, yaani nobu za besi, kati na trebo. Kisumu na kando yote ya ziwa, joto na jasho huzila haraka. Zifute kwa kitambaa kikavu kila unapomaliza. Nyuzi mpya ni ghali, na wengi huchemsha zile za zamani kwenye sufuria kwa dakika kumi, wanazikausha vizuri na kuzirudisha. Inafanya kazi, mafuta na uchafu hutoka na mng'ao unarudi, ila kwa siku chache tu, na uzi unaofunguliwa na kufungwa mara nyingi hukatika kwenye kigingi. Usifanye hivyo asubuhi ya harusi.

Nakuru jioni kuna tatizo jingine. Gita likitoka kwenye gari lenye joto na kuwekwa kwenye baridi, nyuzi hujikaza na sauti kupanda. Mkianza kupiga, mikono na taa zikazipasha, inashuka. Liache nje ya mfuko kwa dakika 20, ndipo utyuni, kisha utyuni tena baada ya kibao cha pili.

Sasa waya. Kutoka kwenye gita hadi amplifaya ni waya wa gita, wenye kinga ya matundu inayozunguka uzi mwembamba wa ndani. Kutoka amplifaya hadi boksi ni waya wa spika, nyuzi mbili nene zisizo na kinga. Zikiwa na jeki zinafanana kabisa kwa nje, na hapo ndipo amplifaya huharibiwa: waya wa gita ukitumika kwa spika hupata moto, kinga inaweza kuyeyuka hadi nyaya zigusane, na amplifaya ikajikuta imeunganishwa na shoti. Soma maandishi kwenye ganda la waya. Kama hayasomeki, fungua jeki uone ndani.

Hesabu omu, yaani ukinzani wa boksi kwa umeme. Boksi mbili za omu 8 zikiungwa pamoja kwa njia ya kawaida zinakuwa omu 4. Mbili za omu 4 zinakuwa omu 2. Nyuma ya amplifaya pameandikwa kiwango cha chini inachoweza kubeba, mara nyingi 4. Ukienda chini ya hapo itapiga vizuri saa moja, kisha itajizima kwa joto au itaungua, na siku zote huchagua wakati wa sebene. Amplifaya ya valvu ina sharti jingine la kinyume: isiwashwe kamwe bila boksi kuunganishwa.

Umeme wetu wa Kenya ni volti 240, mzunguko wa 50 Hz. Usichomeke amplifaya kwenye ekstensheni moja na birika, friji ya soda au mashine ya chipsi. Ekstensheni ndefu iwe na waya wa milimita mraba 2.5, na uikunjue yote hata kama unahitaji nusu. Iliyobaki imezungushwa kwenye gurudumu hupata moto. Kwenye jenereta, muulize anayeisimamia mafuta yatafika saa ngapi. Inapokaribia kuishiwa, volti hupanda na kushuka, na huo ndio wakati amplifaya inaumia. Heri kusimamisha wimbo na kuzima kwanza.

Geini

Fungua nobu ya sauti ya gita hadi mwisho, na ya toni pia. Kwenye amplifaya, masta (sauti ya jumla inayotoka) iwe saa moja, geini (nguvu ya mlio unaoingia) saa moja, ikwalaiza yote saa sita. Isipokuwa zile za mtindo wa Fender za zamani, zenye besi, kati na trebo peke yake: kwazo saa sita tayari imeshachimba shimo kwenye sauti ya kati. Hizo zianzishe na sauti ya kati wazi kabisa, besi na trebo karibu na saa tatu.

Kama kuna matundu mawili ya kuingilia, gita la betri huenda kwenye lile la sauti kali, ambalo hupunguza kwa desibeli 10 hadi 15. Likiwa tundu moja tafuta kitufe cha kupunguza.

Piga kwa nguvu ileile utakayopiga mkiwa katikati ya chereko, si kwa vidole vya kujaribia. Pandisha geini hadi taa nyekundu iwake kidogo kwenye noti kali peke yake, kisha irudishe kama robo saa. Hapo pameisha, geini usiiguse tena, sauti itaongezwa kwa masta. Mtu anayeongeza sauti kwa geini anabadilisha tabia ya besi kila mara, na pia anabadilisha kile fundi anachopokea, hivyo kazi yote ya fundi inaharibika.

Kwenye gita lenye pikapu mbili za mtindo wa Jazz Bass, zote mbili zikiwa wazi sawasawa kuna uwazi katikati ya sauti. Tamu ukiwa peke yako, dhaifu ndani ya bendi. Punguza ya mbele au ya nyuma kidogo, robo mzunguko, na sauti ya kati inarudi. Gharama yake ni mvumo mdogo wa umeme, kwa kuwa pikapu hizo huuana mvumo zikiwa sawa tu.

Mahali pa boksi

Hapa ndipo pana faida kubwa kuliko nobu zote, na ndipo watu hupapita haraka.

Boksi likiwa sakafuni karibu na ukuta, chini huongezeka. Likiwa pembeni, ambako kuta mbili na sakafu hukutana, huongezeka mno hadi kuwa tope. Likiwa mita 1 hadi 1.5 mbele ya ukuta, sauti inayorudi kutoka ukutani hukutana na inayotoka na kuifuta: kwa mita 1 inafutika karibu na 87 Hz, kwa mita 1.5 karibu na 58. Hilo ndilo shimo linalomfanya mpiga besi aseme amplifaya haina nguvu, na kuongeza besi hakulizibi kwa sababu kinachorudi kinaongezeka vilevile. Ama sukuma boksi nyuma hadi liwe chini ya sentimita 30 kutoka ukutani, ama lilete mbele zaidi ya mita 2.5. Katikati ya hapo ni eneo la hasara.

Masikio hayako magotini. Boksi dogo likiwa sakafuni, wewe unayesimama mita moja mbele yake unasikia mvumo tu huku sauti ya kati ikipita kwenye suruali yako, na unaendelea kuongeza wakati watu wa mbele wanaumia. Liweke juu ya kreti mbili za soda au meza imara, au liegemeze litazame juu kuelekea kichwani. Kwenye jukwaa la mbao, kreti zinasaidia mara mbili: mbao chini yake haigeuki ngoma.

Simama upande wa ngoma ya mguu, boksi likiwa jirani na mpiga drama, asikie bila kuhitaji monita. Usilielekeze kwenye maiki za waimbaji. Besi inayoingia kwenye maiki nne inatoka tena kwenye spika kubwa ikiwa imechelewa kidogo, na ukungu huo fundi hawezi kuuondoa.

Kutafuta sauti, bendi ikipiga

Msifanye majaribio ya mtu mmoja mmoja kwa nusu saa. Anzeni ngoma na besi pekee, kwa kasi ya wimbo halisi. Drama haina nobu, hivyo ndiyo kipimo. Pandisha masta hadi besi na ngoma ya mguu ziwe kama kitu kimoja. Ongezeni ridhimu, halafu kinanda, halafu solo, mwisho sauti za waimbaji. Kila kinapoingia chombo, jiulize besi imepoteza nini, na urudishe hicho tu.

Mgawanyo wenyewe uko hivi. Kati ya 40 na 80 Hz ni tumbo, linasikika kifuani kuliko sikioni. 80 hadi 160 ni mwili, ndipo uzito wa noti nyingi ulipo. 200 hadi 300 ni joto likiwa kidogo, tope likizidi. 400 hadi 800 ni ngurumo na utambulisho wa noti. 800 hadi 1,200 ni makali ya kidole kikiachia uzi. 2,000 hadi 3,000 ni mguso na kelele za freti, na juu ya 4,000 katika bendi yenye magita mawili hakuna cha maana isipokuwa mchakaricho.

Mahali pa kuanzia panapofaa bendi nyingi: besi saa tano, yaani kidogo chini ya katikati. Kati-chini, kama nobu yake iko karibu na 250, saa tano na nusu. Kati-juu, kama iko kati ya 500 na 800, saa saba na nusu. Trebo saa tano. Ukisikiliza peke yako itaonekana ngumu, kama inayozungumzia puani. Usiirekebishe. Subiri ridhimu iingie.

Kama amplifaya ina nobu ya kuchagua masafa ya kati, fanya hivi bendi ikipiga: pandisha kati hadi saa tisa, zungusha ya masafa polepole kutoka 200 hadi 1,000, na usimame pale besi inaporuka mbele bila kuongezwa sauti. Kisha rudisha kati hadi saa saba na nusu. Mara nyingi utakuta umesimama kati ya 500 na 800.

Ngoma ya mguu na besi zigawane shamba. Ngoma ikiwa nzito na laini, imejaa 60 Hz, besi ikae 90 hadi 120 na ipunguzwe chini ya 60. Ngoma ikiwa ndogo na kavu, besi ndiyo ichukue chini. Zote mbili zikidai 60 kwa pamoja, hakuna inayoipata.

Chujio la kukata chini, likiwepo, liweke 40 Hz kwa gita la nyuzi nne na 30 kwa la nyuzi tano, ambalo B yake wazi iko karibu na 31. Kwenye amplifaya ya jukwaani, kama spika kubwa za nje zina sabwufa, unaweza kukata hata 60. Ile chini haikusaidii wewe kusikia, inatikisa koni tu. Kila desibeli 3 unazoongeza zinadai nguvu maradufu, na 10 zinadai mara kumi. Nobu ya besi iliyopandishwa desibeli 6 imeshachukua mara nne ya wati kwenye masafa yale, na ndiyo maana amplifaya ya wati 100 inakwaruza ikiwa bado haijasikika.

Kuhusu wati: mkiwa na drama ya vijiti, chini ya wati 100 ni mashaka. Uwanjani bila mitambo ya nje, 300 na spika za kutosha. Boksi la gita la solo lisitumike kwa besi hata kwa dakika moja, koni yake haikutengenezwa kwa safari ndefu hiyo.

Noti moja inayovuma kuliko nyingine

Kila ukumbi una noti zake. Wenye upana wa mita 6, kuta za mawe zikitazamana, hupenda karibu 58 Hz, na hiyo ni A kali. Kanisa la mabati hupenda noti yoyote inayoendana na shuka la bati lililolegea msumari. Tafuta hivi: kwenye uzi wa E piga freti baada ya freti hadi ya kumi, kwa nguvu sawa, kila noti sekunde mbili. Itakayovimba iandike. Masafa yake ni haya: E 41, F 44, F kali 46, G 49, G kali 52, A 55, A kali 58, B 62, C 65, C kali 69, D 73.

Kama ikwalaiza ina vitelezi, shusha kilicho karibu na namba hiyo desibeli 3 hadi 5. Hakuna vitelezi? Sogeza boksi nusu mita upande mmoja ujaribu tena, au piga noti ya jina hilohilo iliyo juu zaidi, kwenye uzi wa A freti ya mbali, ambako masafa yake ni mengine. Kidole pia ni ikwalaiza: kikisogea kuelekea daraja, tumbo linapungua na sauti ya kati inaongezeka, bure, bila kugusa kitu.

Ukumbi ukijaa, watu hunywa sauti za juu na za kati kuliko za chini. Mlivyoweka saa kumi alasiri kukiwa na viti vitupu, saa tatu usiku itasikika nzito na butu. Punguza besi kwanza, kabla hujafikiria kuongeza trebo.

Chini ya hema au uwanjani ni kinyume: hakuna kuta za kurudisha chochote, besi inakimbia kuelekea Ghuba ya Winam na hairudi. Hamu ya kufungua besi hadi saa kumi ni kubwa. Jizuie. Weka boksi sakafuni moja kwa moja, mgongo wake kwenye ukuta wa nyumba au ubavu wa lori kama upo, na uongeze 100 hadi 150 Hz badala ya 50. Watu walio mita ishirini watasikia mwili wa besi, na jenereta itapumua. Na mvua ikianza kupiga mabati, hakuna nobu ya kuishinda. Pigeni taratibu hadi ipite.

Kumpa fundi anachohitaji

Kwa fundi peleka mlio kupitia kisanduku cha DI, kinachofanya mlio wa gita ufae kuingia kwenye miksa, au tundu la DI nyuma ya amplifaya. Pakiwa na kitufe cha kuchagua kabla au baada ya ikwalaiza, chagua kabla. Ikwalaiza yako imerekebisha jukwaa, ukuta na kreti za soda. Ukimpelekea fundi, anarithi matatizo asiyokuwa nayo, na kila ukigusa nobu unamvurugia ukumbi mzima. Baada ya ikwalaiza kuna maana tu pale sauti yenyewe ni ya amplifaya, kwa mfano unapotumia ukwaruzo wa makusudi.

Kisanduku chenye umeme wa ndani kinahitaji volti 48 kutoka kwenye miksa au betri yake. Fundi afunge chaneli kabla ya kuchomeka au kuchomoa.

Mvumo wa umeme huja kwa 50 na 100 Hz. G ya freti ya tatu kwenye uzi wa E ni 49, kwa hiyo ukijaribu kuukata mvumo kwa ikwalaiza unaikata na G. Ondoa kwenye chanzo: amplifaya na miksa zichukue umeme njia moja, kisha bonyeza kitufe cha kuinua ethi kwenye DI. Kung'oa waya wa ethi kwenye plagi huondoa mvumo kweli, na huacha nyuzi za gita zikiwa tayari kukuua utakapogusa maiki kwa mdomo. Usikubali, hata kama aliyekuja na wazo hilo amepiga miaka ishirini.

Jambo la mwisho na fundi: piga A wazi mfululizo, yeye abonyeze kitufe cha kugeuza fezi kwenye chaneli yako huku mtu akisikiliza katikati ya ukumbi. Upande wenye tumbo zaidi ndio sahihi. Sekunde kumi, na mara nyingine zinaokoa nusu ya besi iliyokuwa ikifutana kati ya jukwaa na sabwufa.

Kompresa, yaani kifaa kinachozuia noti kali zisizidi nyingine, kama unayo, ianze kwa uwiano wa 4 kwa 1, kuingia milisekunde 20 hadi 30 ili pigo la kidole lipite kwanza, kuachia 100 hadi 200, na sindano ishuke desibeli 3 hadi 6 kwenye noti kali. Ikishuka 10 muda wote, besi inakuwa bapa na haichezeki. Anayeanza afadhali aiache kabisa ajifunze kusawazisha vidole.

Benga si rumba

Katika benga besi inaongea. Noti ni fupi, zinakatwa, zinajibizana na solo. Katika rekodi za miaka ya 1970 za Shirati Jazz ya D.O. Misiani besi iko mbele kabisa, haijajificha chini ya ngoma. Kwa hiyo besi saa nne na nusu, kati-juu saa nane karibu na 700 hadi 900, na kiganja kiguse nyuzi kidogo karibu na daraja ili noti isikae. Mvumo unaobaki kati ya noti mbili ndio unaoua benga.

Rumba inataka mviringo, hasa sehemu ya kuimba: besi saa sita, kati karibu na 400 hadi 500, trebo saa nne. Sebene ikianza magita matatu hupanda juu pamoja, na chini kunabaki nafasi; hapo usiguse amplifaya, sogeza tu kidole kuelekea daraja upate makali.

Kwenye nyimbo za injili, na katika bendi za ohangla zenye kinanda, mgogoro ni mkono wa kushoto wa mpiga kinanda. Besi mbili zikipiga noti moja kwa milisekunde tofauti hakuna ikwalaiza itakayozitenganisha. Mwombe kwa heshima asishuke chini ya C ya kati akiwa na wewe, au mkubaliane ni nyimbo zipi besi ni yake. Hili limalizwe mazoezini, si jukwaani mbele ya mchungaji. Harusi za Kakamega zenye isukuti ya watu watatu, ngoma kubwa hujaza ule mwili wa besi: shusha 100 kidogo, jiegemeze kwenye 500.

Ikienda kombo

Sauti imekatika ghafla na taa ya amplifaya inawaka: badilisha waya wa gita kwanza, kisha betri, kisha angalia kama kitufe cha kunyamazisha hakijabonyezwa na mtu aliyepita. Mengi huishia hapo.

Inakatika na kurudi kila ukisogea: jeki. Inakatika baada ya saa moja na kurudi ikipumzika: joto, boksi nyingi mno, au feni imezibwa na koti la mtu.

Inakwaruza kwa sauti ndogo pia: betri, au koni imetoboka. Bonyeza koni kwa vidole vilivyotandazwa, polepole, amplifaya ikiwa imezimwa. Ukisikia mchakato kama mchanga, koili inasugua na spika hiyo inahitaji fundi. Inakwaruza kwa sauti kubwa tu: punguza besi saa moja nzima na upandishe masta nusu saa.

Noti ndefu inajianzisha yenyewe na kukua: besi inaingia tena kwenye pikapu au kwenye maiki ya ngoma. Simama upande mwingine wa boksi, funga nyuzi kwa kiganja usipopiga.

Wewe hujisikii lakini watu wa nje wanalalamika imezidi: boksi liko chini mno au uko karibu mno. Inua boksi, sogea hatua mbili mbele yake. Chomeka waya wa mita 6, teremka hadi wanapocheza watu, usikilize wimbo mzima ukipiga. Waya mrefu kuliko huo kwa gita lisilo na betri huanza kula trebo, na utarekebisha kosa la waya ukidhani ni la ukumbi.

Mkimaliza, fundi afunge chaneli, masta irudi saa moja, ndipo uzime. Chomoa jeki kwenye gita, futa nyuzi, na uandike kwenye simu nafasi za nobu pamoja na jina la ukumbi.